Mzinga

Kliniki iko Isevya, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Nimepanda ngazi nimeshika ukuta,
miaka hamsini na sita, na bahasha ya Nyamizi kifuani:
"Mama, uso wako umechoka kabla yako."

Hakukosea. Misimu kumi na minane
nimechochea moto kwenye mabani ya tumbaku, Urambo,
usiku kucha, jani likikauka nami nikikauka nalo.
Mnunuzi alipima jani tu.

Binti wa kliniki, Sizya, kanifunga mpira mkononi,
kapapasa mshipa kama atafutaye uzi gizani,
kavuta damu, vijiko viwili vya chai,
kaitia kwenye mashine, kafunga kifuniko.
Ikaanza kuzunguka.

Mlio ule naujua!
Ni pipa letu la kukamulia, kikundi cha Sikonge:
masega ndani, mkono unazungusha, bega linauma,
asali inakimbilia ukingoni, nta inabaki peke yake.
Nikacheka. Nikamweleza Sizya. Hakuelewa;
yeye asali huiona chupani.

Alipofungua, damu imegawanyika:
chini wekundu mzito,
juu maji ya manjano, asali ya miyombo kabisa, ile ya Juni.
"Huu ni utegili," kasema, "na humo mna chembe sahani,
ndizo huiamsha ngozi ikafanye kazi."
Kumbe miaka yote nilikuwa nao
nikikopa losheni dukani.

Sindano ndogo ndogo. Paji, shavu, chini ya jicho.
Nikamzuia kushoto, kwenye mfereji wa karibu na mdomo:
huo uache, ni wa mama.
Alinyamaza nao mpaka kaburini.
"Sitoi kitu, mama. Narudisha tu."

Hakuahidi. Wengine hupata, kasema, wengine kidogo.
Rudi baada ya mwezi. Leo usinawe uso. Usikae juani.
Usikae juani!
Tabora, Oktoba!

Nimeshuka nimejitanda khanga hadi machoni.
Mlangoni kwangu Mgalula alikuwa anaziba pancha,
akainua kichwa, akauona uso umevimba, vitundu vitundu:
"Umerina mchana, bila moshi?"

Nimerina, nikamwambia.
Mzinga wenyewe ndio huu unaouangalia.
Shika pampu, jaza upepo,
asali tutaiona mwezi ujao, kama ipo.