Upawa wa Ernesto

Upawa ule aliukunja Ernesto Balestri,
babu yake Renzo, bosi wangu,
enzi ambazo mgodi wa Cwm Derwen ulimeza wanaume alfajiri
na kuwatapika jioni, meno tu ndiyo meupe.
Aliupima kwa njaa yao.
Mtu aliyechimba makaa kutwa nzima akiwa magotini
haulizi chipsi ni nyingi ama chache.
Anauliza siki iko wapi.

Mgodi ulifungwa mimi nikiwa darasa la pili.
Upawa haukuambiwa.

Miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta hii,
mafuta yakinguruma kama mvua juu ya bati,
nachota, namwaga, nachota tena,
kisha kile cha juu, cha nyongeza,
cha kumwonyesha mteja kwamba hapa hatubani mkono.
"Kubwa, Delyth," wanasema:
dereva wa vifurushi, kitini tangu kupambazuke,
binti wa benki,
mwalimu aliyelitazama jiko lake akaghairi.
Nasukuma kifuniko kwa kiganja. Kifuniko kinakataa.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila nani alitufundisha la kufanya
kibaba kikishajaa na mkono bado unachota?

Shakwe wanajua.
Wanapanda bonde lote hili kutoka baharini
kwa ajili ya pipa letu la nje,
robo boksi, nusu boksi, zimeganda na chumvi yake.
Wamenenepa. Kuruka kwao siku hizi ni kwa majadiliano.

Lakini waliokuwa wakitupa hawakunisumbua.
Walionisumbua ni wasiotupa,
waliolelewa kama mimi, mama amesimama mlangoni,
sahani haiondoki mezani mpaka ing'ae.

Emrys wangu ni mmoja wao.
Januari, kliniki, muuguzi alimwambia akunje ngumi.
"Fungu lako la viazi ndilo hilo."
Akaitazama ngumi
iliyowahi kumlaza kijana wa Merthyr raundi ya tatu.
"Hii? Hii si ya kuonjea tu?"
Kwenye basi hakusema neno,
ila nilimwona akiikunja, akiikunjua juu ya goti,
kama mtu aliyetajiwa bei na bado haiamini.

Machi mpini ukakatika.
Renzo akanunua upawa mpya, mdogo, wa kiwandani,
si kwa hekima yoyote, ulikuwa na punguzo.
Wiki ya kwanza, boksi lile lile,
chipsi zikalala humo kama mtoto mmoja
kwenye kitanda cha wazazi.
Watu wakanuna. Mmoja alidai pauni yake, akapewa.
Tukaleta maboksi madogo.
Kimya.
Kumbe tulikuwa tunalisha macho muda wote huu,
na macho hushibishwa na kifuniko kinachokataa.

Nyumbani nimeitoa sahani ya buluu ya wanangu,
nao wameshaoa.
Njegere nyingi, samaki, viazi ngumi moja
(yake, si yangu, tumegombana juu ya hilo).
Jumanne hulalamika.
Jumatano huamka bila kiungulia, wala hanisifu.

Aliyegundua dukani ni Idwal peke yake,
miaka themanini na moja,
wa mwisho kati ya waliopimiwa upawa ule.
Alilipa, akakiweka kifurushi kiganjani,
akakipandisha, akakishusha,
taratibu, kama anapima jiwe la makaa.
Foleni nyuma yake ikasimama.
"Imepungua, Delyth."
Nikajiandaa kwa ugomvi. Renzo akajitia kufuta friji.
Idwal akavuta mkanda wa suruali,
akanionyesha tundu jipya alilolitoboa kwa msumari.
"Hata mimi," akasema.
"Ila siki msiipunguze."