Kufunga Difu, Mwezi wa Tano

Baba hasemi "tumekwama."
Anazima redio, anashusha kioo,
anatoa kichwa na kulitazama tope
kama mtu asomaye barua ya deni.

Mwezi wa tano, kaskazini ya mto Aldan.
Barafu ya chini haijayeyuka, ya juu imekwisha,
na kati ya hizo mbili ndipo serikali ilipoweka barabara.
Nyuma yetu, katika masanduku ya mbao na nyasi kavu,
vioo arobaini na sita vya madirisha ya shule.
Majira yote ya baridi watoto wamesoma nyuma ya nailoni.

Gurudumu la kushoto linazunguka, linazunguka,
linarusha uji mweusi hadi kwenye matawi ya misonobari.
La kulia limetulia juu ya jiwe lake,
zima, kavu, tairi si kipara,
na halisogei hata inchi.

"Unaona?" anasema Baba. "Hiyo ndiyo difu.
Kwenye kona ina adabu: la nje litembee zaidi,
la ndani lipunguze, hakuna kugombana.
Lakini moja likikosa pa kukanyaga
mbio zote zinakuwa zake,
na lenye pa kukanyaga linapewa kile kile kiduchu."
Anatema mate nje. "Kama ofisi ya wilaya."

Kosa ni langu. Usukani nilikuwa nao mimi.
Nilitakiwa kufunga pale kwenye daraja la magogo,
tope likiwa bado mbele, gari likitambaa.
Nilidhani tutapita.
Kila aliyezama alidhani.

Sasa ondoa mguu kwenye mafuta.
Acha magurudumu yafe, Aitalina, yafe kabisa,
ukifunga yakiwa yanazunguka utayang'oa meno,
na meno haya niliyatoa kwenye lori lililokufa mgodini,
hakuna mengine kutoka hapa hadi Yakutsk.

Natulia. Injini inakohoa chini kwa chini.
Nabonyeza swichi, hewa inapiga chafya kwenye bomba,
taa haiwaki.
"Meno hayajatazamana. Lisogeze kidogo."
Klachi, unywele mmoja.
Tak.
Taa ya rangi ya chungwa.

Sijui nieleze vipi. Lori zima liliweka bega moja.
La kushoto halikuweza tena kukimbia peke yake,
la kulia halikuweza tena kusubiri,
jiwe likalia, tope likaachia
kwa mlio wa mtu anayefyonza supu,
na vioo vikanong'ona, havikupasuka.
Meta tatu. Kumi. Changarawe.

Nikaendelea kuendesha, nimelewa ushindi,
hadi kona ya kwanza yenye ardhi ngumu.
Usukani ukagoma. Tairi likapiga kelele.
Kitu chini ya sakafu kikaguna kama goti la mzee.

"Fungua," akasema Baba.
Nikasema, tuiache kidogo, huenda mbele kuna tope jingine.
"Fungua. Ya tope ni ya tope.
Ukiifunga nchi kavu, ekseli inakatika,
na haikatiki kwa sababu ni mbovu."

Tangu tumzike Mama, mwezi wa kumi na moja,
tumeamka saa moja, tumelala saa moja,
yeye akienda kupasua kuni nami nimeshika shoka la pili.
Hatukukubaliana hivyo. Ilitokea tu, na ilituvusha.

Kwenye droo ya dashibodi, chini ya fyuzi,
kuna barua ya chuo, sijamwonyesha.
Ina alama ya kidole chenye grisi
na mimi kabla ya kuishika nilinawa mikono.

Nikabonyeza swichi.
Tukaenda kitambo bila neno, yeye akitazama barabara.

"Chuo kinafunguliwa lini?"
"Mwezi wa tisa."
"Aha."

Kisha: "Taa yako bado inawaka.
Yumbisha usukani, kushoto, kulia, polepole.
Huwa haiachii mara moja."