Mkia wa Herufi

Mama alitoa flashi ndani ya glavu
kama mtu anayetoa nauli aliyoificha,
akampa kijana wa duka, Oktawian,
aliyevaa kitambulisho shingoni
na mdomo tayari umejaa sifa.

Maana kila skrini ukutani ilikuwa na kasuku.
Kasuku, asali ikichuruzika, kasuku tena,
rangi kali hata theluji ya Łódź nje ya kioo
ikaonekana kama nguo iliyopauka.

"Kasuku hupendeza popote," mama akasema.
"Nifungulie ukurasa wa arobaini na mbili."

Ni katalogi ya mbegu. Miaka thelathini
Bogumiła Szczygieł anasahihisha katalogi za mbegu:
figili, bizari, kabichi, bei kwa pakiti,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Chumba chake kina nafasi ya meza moja,
meza ina nafasi ya kioo kimoja,
naye anataka kazi mbili: mchana kiwe cha kompyuta,
usiku kiwe runinga, atazame wanaoruka na skii.

Tulianza na ile ya inchi arobaini na sita.
Herufi zikanenepa, zikavaa ukungu.
"Pikseli ni zile zile," nikamwambia,
"shuka la kitanda kidogo kwenye kitanda kikubwa."
"Basi miguu itabaki nje," akajibu,
na kweli: bei ya mwisho ya figili haikuwepo,
ukingo wa ukurasa umemezwa na fremu.
Oktawian akazama kwenye menyu, akaibuka nayo,
zloti mbili na nusu, nzima.
Na kipanya: mama anakisukuma,
kishale kinafikiri kwanza, ndipo kinafuata,
kama marehemu baba akiitwa mezani.

Ya pili ilivika kila herufi taji jeupe.
Oktawian akashusha ukali hadi sifuri; mataji yakaanguka.
Lakini maandishi mekundu juu ya buluu yalizidi kuvuja
kama damu kwenye karatasi ya bucha.

Ya tatu ilikuwa chini, karibu na mlango wa stoo,
inchi thelathini na mbili, ya maonyesho, mguu umechubuka,
hakuna aliyeipa kasuku.
Waya ukaingia. Mama akavua miwani, akaivaa, akasogea
mpaka pumzi yake ikachora duara kwenye kioo.

Halafu akanyamaza.

Lazima nieleze. Katika lugha yetu "sad", a bila mkia,
ni shamba la miti ya matunda.
Itie mkia, "sąd", umeingia mahakamani.
Na pale mstari wa tisa, mwaka wa kumi na moja sasa,
kampuni inawatangazia wakulima
miche bora ya tufaha kwa ajili ya mahakama yako.

Kwenye kioo chake cha zamani, kile chenye kitambi,
mkia ule ulikuwa vumbi.
Kwenye inchi arobaini na sita ulikuwa ukungu ndani ya ukungu.
Hapa ulikuwa mkia.

"Nakala ngapi?" nikauliza, nikajuta.
"Elfu sitini. Kila mwaka."
Oktawian, maskini, akadhani tumeona kasoro ya kioo,
akapunguza zloti mia kabla hajaombwa.
"Nafunga hii," mama akasema, "na mguu wake huo huo."

Tuliipakia kwenye tramu, imeviringishwa blanketi,
mama akashika upande wa kioo, hakunipa.

Usiku ule waliruka watu wa Norwe, wa Slovenia, na wa kwetu.
Nilihesabu mita. Yeye hakujali mita.
Alikuwa anasoma majina yao chini ya picha,
kidole hewani, kalamu nyekundu sikioni.

"Huyu wamemnyima mkia," akasema,
mrukaji akiwa bado hajatua.