Debe Moja na Nusu

Kisa changu nilikirekodi Mabatini,
magodoro mawili yameegemezwa dirishani,
blanketi la bibi juu ya mlango,
feni imezimwa, na jasho
mpaka karatasi ikalainika mkononi mwa Kokubanza.

Kisha nikakipamba.
Nikatia radi. Nikatia mbwa.
Nikatia mvua, mchele niliomwaga juu ya bati
(mama hajui mpaka leo).
Nikatia zeze kila palipo na msiba,
msikilizaji asije akasahau kulia.

Alfajiri nikakipeleka Igombe,
kina Nyanzobe wanatandaza dagaa chanjani.
Simu nikaitumbukiza kwenye ndoo tupu, ipate kuvuma.
Mikono yao haikusimama.
Palepale kwenye kilele changu
mtu akauliza gunia siku hizi linakwenda bei gani.

"Mvua nimeisikia," Nyanzobe akasema,
"na radi nimeisikia.
Ila mle ndani hakuna mtu anayelowa."
Hakunitazama. Akamrushia yangeyange kokoto.

Usiku ule nilifuta.
Mbwa nje. Zeze nje. Mchele wa mama, nje.
Nikafika mahali Kokubanza anasema, "Baba hayupo,"
na kabla ya kusema amemeza mate.
Siku ya kurekodi nililiita kosa,
nikamwambia tutarudia, tukasahau kurudia.
Nikaliacha.
Nyuma yake nikaacha sekunde tatu za chumba:
si kimya cha waya uliokatika,
kimya cha mtu aliyemo.
Saa ya ukutani. Kikombe
kinachowekwa mezani polepole kupita kiasi.

Ndoo ileile. Chanja zilezile.
"Baba hayupo."

Moja. Kiganja cha Nyanzobe kimebaki hewani,
dagaa wanamponyoka mmoja mmoja.

Mbili. Kichanga kikataka kulia, kikapewa ziwa,
na ziwa lile jingine, kubwa, naapa,
likaacha kupiga mawe.

Tatu

"Yumo!" akamaka mama mmoja wa nyuma. "Yumo uvunguni!"
"Uvunguni wapi, huyo keshakufa, binti anamficha maiti."
"Amemeza mate kwa njaa tu, masikini."
"Nyamazeni, kuna mtu anatembea!"

Simu ikazima. Chaji.

Wote wakanigeukia, nami nikafungua kinywa,
maana mwisho ninao, niliuandika kwa wiki mbili.
Nyanzobe akanyanyua kidole kinachong'aa magamba:
"Wewe usiseme. Ukisema wewe, unatuharibia."

Wakabaki nacho wenyewe.
Mmoja akamkumbuka baba yake, aliyekuwepo na hayupo,
mwingine akaapa nyumba ile anaijua, iko Nyakato,
ina kikombe cha bati chenye pengo.
Jua likapanda.
Yangeyange wakashuka, mmoja, wanne, kundi,
wakala chanja nzima ya mwisho
na hakuna aliyeokota kokoto.

Nilikadiria hasara kwa macho:
debe moja na nusu.