Njia ya Kutokea

Nyuzi mia na kumi na nane.
Hapo ndipo mshale ulipofika kila mara
nikiipandisha ndege juu ya Kilindini,
nami nageuza, narudi Port Reitz
kama mtoto aliyesahau daftari.

Miaka sita nimeijenga uani, Mikindani,
kati ya kamba ya nguo na tangi la maji.
Bawa la kushoto lililala sebuleni;
Rukiya akilipangusa vumbi pamoja na makochi.
Kila ribiti naijua. Homa hii siijui.

Nilidhani ni kiu ya upepo.
Nikaukata mdomo wa mbele, nikaupanua,
nikaupanua tena,
hata boneti ikawa chewa anayepiga mwayo.
Mshale ukapanda nyuzi mbili zaidi.

Nikaenda Bondeni kwa Mbwarali, fundi wa madele,
anikunjie bomba jipya la bati.
Hakuuliza ndege yarukaje.
Alikishika kipoza mafuta, akakipulizia upande mmoja,
kiganja akakiweka upande wa pili.
"Hiki chapumua. Ila wewe umekifungia chumbani.
Hewa ni mgeni: akiona hana pa kutokea
hukaa mlangoni, viatu mkononi."
Akanyoosha mguu, akasukuma kibao cha nyuma ya duka,
na risiti zote zikaruka mezani.

Bomba likaanza jembamba, likapanuka polepole,
bila kona, kama shingo ya dele ishukavyo tumboni.
Nyufa nikaziziba kwa silikoni nyekundu,
hata ile isiyopitisha ukucha,
maana upepo ni mvivu, hupenda njia ya mkato.
Nyuma, chini ya boneti, tukatoboa tundu,
mdomo wake tukaukunja uutazame mkia.
Ule mwayo wa mbele nikaufunga kwa kiraka.
Kiraka chaonekana. Kionekane.

Jumamosi, saa nne, jua la Februari laiyeyusha lami.
Nikapanda. Mia moja. Mia na tatu.
Likoni ikapita chini, vivuko viwili vikipishana.
Mia na tatu.
Nikagonga kioo kwa kidole, nikidhani geji imekufa.
Nikanyoosha pua, nikangoja.
Tisini na saba.

Mbele yangu kusini, minazi,
na barabara nisiyoijua jina.
Nikakunjua ramani juu ya goti:
nilikuwa nimeikata mwenyewe, kwa mkasi,
ikaishia Likoni.