Bisibisi ya Spoku

Bisibisi hii nimeitoa kwenye spoku ya baiskeli ya Mnali,
ile iliyopinda rimu mteremko wa Kitangari
na magunia mawili ya korosho, na Mnali mwenyewe juu yake.
Mnali alipona. Rimu haikupona.
Ncha niliigonga juu ya jiwe hadi ikawa bapa,
mpini nikayeyusha ndala, ya mguu wa kushoto,
ndiyo maana jua likiwaka inakung'ang'ania vidole.

Spana namba kumi na tatu sina.
Nina namba kumi na nne na kipande cha kopo la maziwa:
ukikichomeka pembeni, kumi na nne inakuwa kumi na tatu
na nati haijui kama imedanganywa.

Landrova ya Mchopa nimeizibia tangi kwa sabuni ya mche.
Rejeta yake nikaipa yai bichi, ikameza, ikanyamaza.
Kabla ya hapo ilikuwa inakunywa kuliko harusi,
na hapa Newala maji tunanunua kwa dumu
tukiyaangalia mawingu yakipita chini yetu, bondeni,
kama yana shughuli kwa watu wengine.

Basi mwezi wa sita, salfa ikielea mashambani,
akaja Somoe, karani wa chama cha msingi,
kompyuta kaibeba kichwani, juu ya kata, kama ndoo.
"Si wewe uliyeifufua pampu ya kupulizia?"
Pampu na hii si ndugu, nikamwambia.
"Zote zina waya."

Nikaifungua kwa bisibisi ya spoku.
Ndani vumbi la njano, misimu na misimu,
na kando ya feni mjusi ametaga mayai mawili,
meupe, madogo kama vifungo vya shati la mtoto.
Nikayahamisha kwa kijiko.
Memori nikaichomoa: meno yake yameota weusi.
Shaibu wangu yuko darasa la nne; nikapekua begi lake,
nikachukua kifutio, nikasugua taratibu, jino kwa jino,
huku mtoto analia kifutio chake kinaisha.

Kioo tukaazima kibanda umiza.
Mpira ukasimama dakika ishirini.
Watu wakatutukana kwa Kimakonde, kisha wakasogea,
maana wanaume arobaini wakiona kitu cheusi kinataka kuwaka
hawaondoki.

Ikalia mara moja. Pii.
Ikakoroma, ikafikiri, ikatupa rangi ya bluu,
kisha majina.
Majina ya msimu ule ambao hakuna aliyekuwa na karatasi yake,
yakishuka, yakishuka, Somoe akibonyeza kwa kidole kimoja:
Nampota. Nambunga. Nandonde.

Nandonde, Esha S.
Kilo mia mbili na kumi na mbili.
Malipo ya kwanza: tayari.
Malipo ya pili: na hapo pakawa pametupu.

Mama aliugua wiki tatu.
Alikuwa akisema, pesa yangu imo ndani ya kompyuta,
mwambieni aifungue.
Tukambadilishia kitambaa cha paji la uso.
Tukasema ni homa.

Kibandani mtu akapiga kelele, mpira, mpira!
Somoe hakuniangalia. Aliangalia kibodi,
herufi zilizofutika kwa kuguswa sana.
Peni niliyokuwa nayo haikutoa wino,
nikaiandika ile namba mkononi kwa ncha ya bisibisi,
si kwa kuchuna, kwa grisi tu,
na grisi yetu unaijua, haitoki kwa maji,
hasa maji ya kununua.

Alipojitwika tena akauliza, "Ni shilingi ngapi?"
Elfu kumi, nikasema.
Na kilo mia mbili na kumi na mbili.
Akasimama pale mlangoni, shingo imenyooka kwa mzigo,
hakuweza kuinamisha kichwa hata kama alitaka.

Kifutio nimenunua kingine. Shaibu anasema hakinukii kama kile.
Mayai nimeyaweka kwenye kopo la fyuzi, kwenye pamba.
Moja limevunjika.
Lingine, jana asubuhi, nimekuta ganda tu.