Sekunde Saba

Neno likitoka halirudi, husema watu
ambao hawajawahi kufanya kazi hapa,
ghorofani juu ya duka la matairi, Duluth,
ambako neno likitoka mdomoni
huzungushwa kwanza sekunde saba
ndani ya kisanduku cha kijivu
ndipo liende kwenye malori na majikoni.
Katikati ya mdomo na sikio nimekaa mimi,
na kitufe chekundu, na kahawa iliyopoa.
Mama za waamuzi nimewasitiri
mwaka wa kumi na moja sasa.

Verlyn Skaar ndiye sauti yetu ya jioni.
Hugonga meza: "Hapa kwangu hafungwi mtu mdomo!"
Ameichapa hiyo kwenye fulana, dola ishirini.
Alipotozwa faini kwa kumwita kocha gunia la viazi
aliisoma barua hewani, polepole,
kama mchungaji mazikoni,
na simu zikafurika hadi usiku.

Msimu huu alikuwa na Toivo Rasku,
golikipa wa Wakata-Mbao,
aliyepigwa kisahani cha barakoani mwezi wa Novemba,
akazinduka akiuliza mechi inaanza saa ngapi.
Shingo, ilisema timu. Inauma shingo.
Januari tukamwona kwenye runinga,
shindano la dansi la mastaa,
shati la vimetameta, rumba,
midomo ikihesabu hatua.
"Kudaka hawezi, kiuno anaweza!"
Verlyn aliirudia wiki nzima.
Nilicheka. Sijitoi.

Mwenye timu alikuwa ameshatununua, tangu Oktoba,
sisi na mazulia yetu,
na lile shindano la dansi ana hisa zake.
Karatasi yake imebandikwa kwenye kioo:
semeni magoli, semeni mishahara,
hata ndoa za wachezaji semeni.
Vichwa, hapana.
Tumezoea kusikia mdomo huponza kichwa.
Hapa kichwa kimoja
kilikuwa kinaponza midomo ya watu tisa
wenye mikopo ya nyumba.

Alhamisi, laini ya nne, sauti ya mwanamke.
"Janelle, kutoka ng'ambo ya daraja.
Nataka kusema habari ya rumba."
"Karibu, dada, tucheze!"
"Ni mume wangu," akasema.
"Anahesabu kwa sababu hatua nimemwandikia
kiganjani, kwa kalamu.
Jana alimwita binti yetu
kwa jina la mbwa aliyekufa."

Verlyn hakugonga meza.
Alinitazama kupitia kioo, juu ya ile karatasi,
akapitisha kidole shingoni.
Kata.
Yeye. Na fulana amevaa.

Sekunde saba ni ndefu kuliko mnavyodhani.
Nilimwona Verlyn amezeeka, mate yamemkauka.
Niliwaza karo ya mwanangu.
Niliwaza matusi yote niliyoyafuta bila kufikiri,
upesi, kama mtu anayepangusa makombo,
na haya hayakuwa matusi,
na kidole kilikuwa juu ya kitufe,
nacho kilikuwa na joto, kitufe,
sijawahi kujua kwamba kina joto.

Nikisema nilichagua
nitakuwa nami nauza fulana.
Sekunde ziliisha tu. Neno likapita.

Nje trela zilikuwa zinasukuma theluji ziwani.
Laini zote sita zikawaka, kisha moja ikasema,
Orrin Maki, dereva wa greda,
ambaye kila Alhamisi humtukana Toivo
hadi nimkate mara mbili.
Tulisikia wiper zake zikienda na kurudi.
"Huyo binti," akauliza, "anaitwa nani hasa?"

"Odessa," akajibu mama yake.
Mimi nilikuwa nimeshalisikia.
Nikakaa, mikono mapajani,
nikingoja jina limfikie kila mtu.